Kijia Nyuma ya Jiko la Njoki

Sogeeni, wanangu, lakini mlango uacheni wazi, askari akipita aone watu wanaomwombea mgonjwa, si watu wanaopanga jambo. Naftaly mwanangu, keti hapa penye mguu wangu mbovu. Njoki, umeolewa hapa miaka kumi na saba, usisimame kama mgeni. Na wewe Wamuyu, binti yao, itoe ile karatasi chini ya blanketi langu uishike mwenyewe, usimpe baba yako, maana najua ana kiberiti mfukoni.

Mnajua ilivyoanza. Shule ya Wamuyu ilipofungwa, mwalimu Cheptanui wa misheni alimwomba amchoree picha ya kitabu cha watoto wadogo, hadithi ya sungura anayeiba maharagwe, na kwanza aichore kwa wino hivi hivi tu, wenye misheni wakiipenda ndipo achore zile za kitabu chenyewe. Mtoto akachora shamba analolijua, hili tunaloishi. Badala ya kumsifu, nilimuuliza nani amemtuma, kwa sababu siku hizi hapa Elburgon mtu akikuuliza jina la mbuzi wako unajiuliza anakwenda kuliandika wapi.

Kisha wewe, Naftaly, ukaona kijia. Kinatoka nyuma ya jiko la mkeo, kinapita kwenye maharagwe, kinaingia msituni waliko wale wanaosakwa na askari, na hapa hakuna anayekubali kwamba huenda msituni. Ukamwambia, "Hata karatasi imekuona." Naye akakujibu, "Basi karatasi ikupikie." Tangu siku hiyo unapima unga kila asubuhi kuona kama umepungua, na umeapa kwamba kabla Cheptanui hajaja Jumatatu, picha itakuwa majivu na Njoki atakuwa kwao.

Siku nne nimeitazama picha hii, na mtu asiyeweza kuinuka hutazama vizuri. Wewe ulipoona kijia uliacha kutazama. Mwoneni sungura: mistari mitatu tu, na bado unajua ameshiba na anaogopa. Oneni ghala, nguzo moja imeinama, ile ninayoahidi kuinyoosha tangu mvua ya mwaka jana. Sasa sogezeni macho kwenye kijia. Upande mmoja kuna nyayo. Upande wa pili hakuna, kuna mstari mwembamba tu, mrefu, kama wa mtu anayeburuta fimbo. Si fimbo, wanangu. Gogo la kiwanda cha mbao liliponiangukia, mlileta nyumbani mtu mwenye mguu mmoja unaokanyaga na mwingine unaofuata.

Kijia ni changu. Unga niliuchota mimi, alfajiri, nikampelekea Mathenge, kaka yako, ambaye tuliwaambia watu kwamba yuko Nakuru akitafuta kazi. Tangu mwezi uliopita hahitaji tena chakula. Msiniulize zaidi. Nilimwacha Njoki atukanwe kwa sababu nilikushuku wewe, Naftaly, mwanangu wa kuzaa, kwamba ungenitaja kwa askari. Njoki, nisamehe. Na Wamuyu, sijui kama ulijua unachora nini, wala sitakuuliza.

Shamba ni la mzungu, kwa hiyo sina ardhi ya kugawa. Mbuzi wawili weusi ni wa Njoki, si wa mumewe. Koti langu ni la Naftaly, lakini asilivae kabla hajamwomba mkewe msamaha hapa hapa, nikisikia... Ngojeni nipumue.

Karatasi isichomwe. Wino haufutiki, lakini hufunikwa. Wamuyu, juu ya kijia chora mahindi, mistari mingi, yasongamane, hata askari akiishika aone shamba tu. Halafu umpe Cheptanui. Ni picha nzuri, mjukuu wangu. Ningepaswa kukuambia siku ile.

Inama nikutemee mate ya baraka mkononi, huo wa kalamu. Uwe mwepesi. Usitetemeke mbele ya mtu. Nyumba hii iendelee kula chungu kimoja, na watakaozaliwa humu waulize maswali bila kuogopa...

Maji. Hapana, acha.

Wamuyu... pale mwisho, karibu na miti, usifunike yote. Acha kipande cha ule mstari. Urefu wa kidole. Mtoto anayesoma aulize nani alipita.

Naftaly, bado sijakusikia ukisema.

Haya. Nimesikia.

Mlango... sasa fungeni.