Viraka Vilivyochemshwa kwa Majani ya Chai

Kaeni chini, wanangu, na mkae vizuri, maana nina pumzi ya kusema mara moja tu na sitaki kuikatisha kwa kumngoja mtu atafute pa kuweka miguu. Wewe mwanangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unakuita Mwenyekiti kwa kupenda kwako kukaa mbele, leo kaa kwenye kigoda cha wateja, na hiyo simu uizime. Simu haitakufa, nitakufa mimi. Dada yako, Mama Mapazia, akae juu ya sanduku, na alikunje gauni lake lisisombe vumbi, ingawa kwa mfagio anaoujua yeye vumbi hilo litakuwa bado lipo siku ya arobaini yangu. Kitindamimba, wewe simama hapo mlangoni kama ulivyozoea, mguu mmoja ndani na mmoja nje, sina nguvu ya kukubadilisha leo. Na wewe Kiraka, mjane wa mwanangu, njoo hapa kitandani unishike mgongo, nisije nikaanguka kabla sijamaliza kuwasema hawa.

Najua mnadhani nimewaitia nyumba. Nyumba nitaifikia. Mwenyekiti, usitazame dari kama mtu asiyehusika, kwa sababu juzi ulimleta bwana mmoja huku mkidhani nimelala, mkapima ukuta wa chumba hiki. Mimi nimeshika futi tangu sijaota meno ya utu uzima, naijua sauti ya futi ya chuma inavyorudi kwenye kasha lake. Kwa hiyo mlipime kwanza hili blanketi la viraka lililo miguuni pangu, kwa sababu ndilo litakalosema nani apate nini, na mwenye haraka ya ukuta asubiri zamu yake.

Sikilizeni. Blanketi hili nililianza mwaka aliokufa ndugu yenu, baba wa mjukuu wangu. Nyinyi mlirudi makwenu baada ya matanga, na nyumba ikanyamaza, nami nikatoa gunia langu la vipande nikaanza kukata. Gunia lile lilikuwa na nguo za ukoo huu wote. Shati la kupakia rangi la baba yenu, lenye madoa ya nyumba za watu alizozipaka yeye akalala kwenye nyumba isiyopakwa. Gauni la zambarau la shangazi yenu, wifi yangu, aliyesema mbele ya wageni kwamba viraka ni vazi la ombaomba. Nilimsamehe kwa mdomo, lakini gauni lake nimelitia pembeni kabisa, mahali panapokanyagwa na miguu. Na suruali ya harusi ya Mwenyekiti, rangi ya haradali, maana kila blanketi la viraka linahitaji kitambaa kimoja kibaya ili vingine vionekane, na kibaya kuliko kile sikupata.

Mama Mapazia, wewe unayeshonea mahoteli, unajua kunyoosha pazia likaanguka hadi chini, lakini viraka hujui, na hukutaka kujua. Viraka havipangwi vifanane. Anayetaka vifanane aende dukani akanunue shuka. Unachukua cha giza unakilaza kando ya cha mwanga, cha maua unakiweka karibu na kisicho na neno, kisha unatandaza chini, unasimama mbali, unafumba macho nusu, na kile kinachokurukia usoni unakihamisha. Kitambaa kinachovutika hukiungi na pamba, kitakuja kuvuta wenzake wote wakunjamane. Chekundu hukiamini mpaka ukiloweke na kitambaa cheupe usiku kucha, kwa sababu chekundu ni kama mgeni mchangamfu, utajua tabia yake akishakuchafulia nyumba. Mshono unalalishwa upande wa kitambaa cha giza usionekane. Na kabla ya yote, unafua. Unafua hata kipya. Niliyasema haya miaka mingi kwenye chumba hikihiki, na mliokuwa mkinisikia mlikuwa mkingoja chakula.

Nililishona kwa miraba, mraba baada ya mraba, nikaacha mmoja wa katikati wazi. Ule nilikuwa nimeuwekea shati la shule la marehemu. Sikuwa na haraka nalo. Kila nilipolitoa kwenye gunia nililirudisha, nikisema kesho, na kesho yake nikasema kesho.

Ndipo nikalazwa. Nanyi watoto wangu wema, kwa upendo, mkaja kunisafishia chumba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi ambaye nguo ndiyo kazi yangu sikuangalia. Kitindamimba aliliona gunia, akaona matambara. Nani alikwambia tambara na kitambaa ni kitu kimoja? Kitambaa ni kile ambacho mtu anajua kitakwenda wapi. Tambara ni kile ambacho mwenye nacho hajui. Kwa hiyo siku ile, mwanangu, mwenye tambara ulikuwa wewe, na lilikuwa kichwani. Ukalibeba gunia hadi gereji kwa rafiki yako, akafutie mikono yenye grisi, na ukashukuriwa, ukarudi unapiga mluzi.

Hilo ningelimeza. Mjinga huzaliwa na hulelewa, na malezi yalikuwa yangu. Lakini niliporudi kutoka hospitali nikauliza gunia liko wapi, mkatazamana. Mngesema kweli siku ile, ningewatukana hadi jua lizame, kisha ningekula. Nyinyi mkaona ni vyema kunidanganya. Watu wengine wakiambiwa umoja ni nguvu hujenga kisima. Nyinyi mliungana mkachemsha chai. Mwenyekiti akanunua jora la kitambaa cha dukani, Mama Mapazia akakikata vipande vipande, na jikoni kwangu, kwenye sufuria yangu kubwa, mkavitia majani ya chai vikatokota mpaka vikawa rangi ya uzee. Mkavikausha, mkavisugua sakafuni, mkavijaza kwenye gunia jipya na kuniletea hapa kitandani, na Mwenyekiti akasema kwa ile sauti yake ya mkutanoni, “Mama, tumelipata gunia lako, lilikuwa nyuma ya mlango.”

Njia ya mwongo fupi, lakini yenu haikufika hata kizingitini. Mlidhani macho yangu yameisha. Macho yameisha kweli, ila fundi haangalii kitambaa kwa macho. Nilikifinya, kikabaki na mkunjo, maana wanga wa kiwandani ulikuwa bado umo. Nikakipapasa, kimezeeka sawasawa kote, kama mtoto aliyezaliwa na mvi. Nguo iliyovaliwa huzeeka kwapani, kwenye kola na kwenye goti, mahali mtu alipoishi. Kisha nikakitia puani. Wanangu, hata tangawizi hamkuiacha. Nilikuwa nimeshika maisha yangu yote mkononi na yananukia kiamsha kinywa.

Usilie, Mama Mapazia. Huo sio uchungu, ni aibu, na ukivuliwa nguo huchutami tu, unanyamaza pia. Wewe ndiye uliyenikera kuliko wote, kwa sababu kaka yako hajui nguo, na mdogo wako hajui kitu, lakini wewe unashika mkasi. Mkasi wako ulijua kwamba unakata uongo.

Niinue kidogo, Kiraka. Hapo. Maji... basi, yanatosha.

Huyu anayeninywesha maji mlimpa nyinyi jina. Siku ndugu yenu alipomleta hapa, alikuja na gauni lenye kiraka begani, na Mama Mapazia akacheka mpaka akashika ukuta, akamwita Kiraka, na jina likamganda hata mwenyewe akaliitikia. Mimi sikucheka. Nilikitazama kile kiraka wakati anainama kunisalimu, nikaona maua ya kiraka yameungana na maua ya gauni, jani kwa jani, na uzi wa kitambaa umelala upande uleule wa nguo. Nikasema moyoni, huyu mwanangu hakuoa, ameokota johari. Sikumwambia. Sijawahi kumwambia mpaka sasa, na hata sasa namwambia kwa sababu nataka kuwaudhi nyinyi.

Nilipokinusa kile kitambaa cha chai nilikirudisha guniani, mkaenda zenu mkifurahi kwamba mama amezeeka. Kiraka alinitazama usoni, akaondoka bila kuniuliza. Akambana Kitindamimba mpaka akataja gereji, akaenda. Yule rafiki wa gereji akamwonyesha pipa la matambara, akamwambia kama anataka kitu achukue mwenyewe. Akaingiza mkono hadi kwapani, kipande baada ya kipande, grisi tupu, na wanaume wa pale wakimchungulia na kumtania, mpaka akapata kiasi cha kushika kiganjani. Vingine vilikuwa vimeshachomwa. Akaja nyumbani na alivyovipata, akavifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka vidole vyake vikachubuka, akavipanga hapa juu ya kitanda.

Nikapapasa. Nikaukuta mfuko. Mfuko wa shati la shule, wenye mishono miwili chini, kwa sababu ndugu yenu alikuwa akijaza gololi na kila wiki nilikuwa nikiushona upya huku nikimwapiza. Shati lote limekwenda, umebaki mfuko, na juu yake doa jeusi la grisi ambalo halikutoka. Nililia, sitaki kuwaficha. Nilimlilia mwanangu siku ile kuliko siku ya kumzika, maana siku ya kumzika nilikuwa na wageni wa kuhudumia.

Kiraka akaniuliza kama tulikate doa. Nikamwambia ukilikata doa utashona nini, tundu? Tumeutia pale katikati, na doa lake, uso juu. Mwenye macho haambiwi tazama. Tazameni.

Sasa yashikeni haya, nimekwisha kuyaweka kwa wakili, kwa hiyo msihangaike kusema mgonjwa aliweweseka. Chumba hiki cha mbele, cherehani, mkasi mkubwa na wateja wote ni vya Kiraka. Vyumba vya nyuma ni vyenu wote wanne, naye akiwemo, na hakuna wa kuuza chake bila ya wengine kuridhia. Mwenyekiti, mrudishe yule bwana na futi yake. Nina deni moja. Sketi ya mwalimu wa jirani imekatwa na haijashonwa, iko kwenye rafu. Mama Mapazia, utaimaliza wewe, zipu iwe ya kujificha, na usipokee shukrani, sema ni kazi ya mama.

Blanketi msinizike nalo. Maiti hasikii baridi. Ni la Kiraka na mjukuu wangu, walale chini yake, na mtoto akikojoa lifuliwe, si pambo.

Lakini halijaisha. Blanketi la viraka lina uso na lina mgongo. Mgongo haushonwi kwa viraka, unataka kitambaa kimoja kipana, imara, kisicho na historia, cha kulalia godoro na kubeba uzito wa wengine bila kuonekana. Lile jora lenu, Mwenyekiti, hamkulikata lote. Lililobaki liko chini ya kitanda hiki, nimelifulisha mara tatu, na vile vipande vya chai vimeungwa nalo kuongeza upana. Chai haikutoka. Sawa. Ndiyo mgongo. Nimewatafutia kazi hata nyinyi, na haikuwa rahisi.

Mtaushona nyinyi watatu. Kwa mkono. Hapa, kwenye chumba hiki, mmekaa chini kama zamani, na Kiraka atakagua. Mshono ukipinda atawaambia mfumue, nanyi mtafumua, na hakuna atakayemwita kwa dharau jina mlilompa. Mwiteni Fundi. Mpaka... mpaka mtakapomaliza, hakuna anayegawana hata kijiko.

Nilaze sasa. Polepole.

Njooni karibu, sauti inakwisha. Nimewasema sana. Mama asiyesema watoto wake huwaachia majirani wawaseme. Mungu awape macho ya kuuona uzi wa kitambaa kabla hamjakata. Awape mikono isiyoona haya kufumua. Awape uzee wenu wenyewe, msije mkauchemsha. Nimewaridhia... hata wewe wa mlangoni. Ingiza huo mguu ndani.

Mwenyekiti. Chukua sindano hiyo kwenye mto wa pini, hapo kichwani kwangu. Anza wewe. Tunga uzi... lamba ncha tu. Unakumbuka kifungo cha shati lako, ulipokuwa mdogo? Ulivuta, uzi ukapita wote, kifungo kikaanguka, ukalia ukasema sindano mbovu. Nilicheka badala ya kukufundisha... Upande wa chai unitazame mimi. Hivyo. Sioni, lakini nasikia.

Umepiga fundo, baba?

Haya. Vuta.