Mke: Hana

ASTERIA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

LOTH: Ni mimi mama, Loth. Shikamoo.

ASTERIA: Marahaba. Simu ya nani hiyo?

LOTH: Ya katibu wa usharika. Yangu imebaki na bando tu, salio sina. Niko hapa ofisini kwake, na yale madaftari—

ASTERIA: Toka.

LOTH: Mama?

ASTERIA: Toka humo ofisini. Mshukuru katibu, ushuke Same ukafanye kazi yako. Tangu uanze kufukua hayo mavumbi sijapata usingizi.

LOTH: Mbona hasira? Hata hujauliza nimepata nini.

ASTERIA: Ulichokipata wiki iliyopita kinanitosha. "Ndugu wanaukoo, nimegundua babu yetu Elifasi alikuwa na mke mwingine, Bibi Hana." Ukabandika na picha kwenye grupu la ukoo! Hukuniuliza mimi, mkwewe, niliyemuuguza mpaka anakata roho.

LOTH: Imeandikwa, mama. Daftari la hesabu za sadaka. Jina: Elifasi. Mke: Hana. Alichotoa: Kuku. Sasa mimi ningefanyaje—

ASTERIA: Ungenipigia! Ona sasa. Yule Melkizedeki wa Kileo, ambaye hata kumzika baba yako hakuja, kajitokeza. Eti bibi yake aliitwa Hana. Eti kikao cha ukoo Jumamosi, nyumba ya Hana nayo ikatiwe nusu ya shamba.

LOTH: Shamba lipi?

ASTERIA: Tunayo mangapi, Loth?

LOTH: La chini ya ndiva.

ASTERIA: La chini ya ndiva. Leo nimeshinda kwenye msaragambo, kijiji kizima tunazoa tope humo ndivani, bwawa lijae, maji yashuke mashambani. Wenzangu wananitania: "Mama Loth, zoa nusu tu, nusu nyingine mwachie Hana." Nikacheka nao. Ningelia mbele za watu?

LOTH: Basi ndiyo maana nimepiga! Sikia— (mtandao unakwaruza) —ukurasa wa pili—

ASTERIA: Sikusikii! Unakatakata!

LOTH: Ngoja nisogee dirishani. Unanisikia? Nimefungua ukurasa wa pili. Asheri, mke: Hana. Eliufoo, mke: Hana. Huku chini Hana tena. Hana, Hana, Hana!

ASTERIA: Huyo Hana aliolewa na mlima mzima?

LOTH: (anacheka) Ndiyo hapo sasa! Na huyu mwingine, alichotoa: Hana.

ASTERIA: Katoa mwanamke sadaka.

LOTH: Mama, siyo jina! Ni hana. Hana kitu, hana mke. Karani wao alianza kila neno kwa herufi kubwa, hata Kuku, hata Maharage. Bibi Hana hajawahi kuwepo! Melkizedeki akatafute shamba kwingine. Mama? Upo? Nilidhani utapiga vigelegele.

ASTERIA: Nilijua.

LOTH: Ulijua nini?

ASTERIA: Kwamba siyo jina. Siku ileile Priska jirani aliponionyesha picha kwenye simu yake.

LOTH: Ukanyamaza? Wiki nzima Melkizedeki anatutambia, na wewe—

ASTERIA: Nusu shamba nayo ni shamba.

LOTH: Sielewi.

ASTERIA: Huelewi, halafu unabandika. Soma tena. Taratibu, kama mtoto wa darasa la pili.

LOTH: Elifasi. Mke... hana. Lakini babu alikuwa na mke. Bibi Naishorua.

ASTERIA: Mwaka wa daftari hilo Bibi Naishorua alikuwa na baba yako mgongoni.

LOTH: Basi karani alikosea.

ASTERIA: Hakukosea. Juu kabisa ya hiyo safu pameandikwa nini?

LOTH: Pamefifia... "Mke wa Ndoa."

ASTERIA: Ehee. Bibi yako alipanda huku kutoka tambarare, kwa wafugaji, hajabatizwa. Babu yako alipeleka mbuzi kwao, wazee wakapokea, wakamaliza. Ila pale kanisani hiyo haikuwa ndoa. Siku ya kusoma matoleo karani anatangaza kwa sauti, "Elifasi, mke hana," na bibi yako kasimama nje ya mlango, anasikia. Alikuja kubatizwa uzeeni, babu yako keshazikwa.

LOTH: Dah.

ASTERIA: Na huyo kuku alikuwa wake. Alinihadithia tukipukuchua mahindi, huku anacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Sasa niambie, ami yako Anaeli anasemaje kila tukikwaruzana?

LOTH: Kwamba sisi ni... watoto wa mgeni wa tambarare.

ASTERIA: Anasema tu, mkononi hana kitu. Siku akishika maandishi ya kanisa kwamba Elifasi hakuwa na mke, baba yako atakuwa mtoto wa nani? Shamba litarudi kwa nani?

LOTH: Kwa mdogo wake Elifasi. Kwa baba yake Anaeli.

ASTERIA: Lote, Loth. Na hii nyumba niliyosimama mlangoni mwake. Ndiyo maana nikasema huyo Hana akae tu, hata akila nusu. Melkizedeki nitazungumza naye, anazungumzika. Wewe funga hilo daftari, mwambie katibu alirudishe kabatini, tusilisikie tena. Sawa baba? Loth?

LOTH: Mama, usinikasirikie.

ASTERIA: Umefanya nini?

LOTH: Kabla sijakupigia...

ASTERIA: Loth.

LOTH: Nilifurahi, mama! Nilipiga picha ukurasa mzima, na huku juu ya safu pia, ili wasiseme nimekata—

ASTERIA: Futa!

LOTH: Nikaandika, "Hakuna Bibi Hana. Babu hakuwa na mke wa—"

ASTERIA: Futa, nimesema! Futa kwa wote!

LOTH: Nafuta, nafuta! Ila ina tiki za buluu. Wameshasoma, mama. Karibu grupu zima.

ASTERIA: Ee Mungu wangu. Mtoto gani haulizi—

LOTH: Mama, katibu ananiashiria, salio lake linakwisha—

ASTERIA: Nyamaza kidogo. Kuna simu nyingine inagonga hapa katikati.

LOTH: Ya nani?

ASTERIA: Ya Anaeli.

LOTH: Usipokee! Mama, usipokee, nakuja, napanda gari sasa hivi—

ASTERIA: Nisipokee nini, na ninamwona kutoka hapa mlangoni? Yuko shambani, Loth. Simu sikioni. Mkono mwingine kashika kamba.

LOTH: Kamba ya kupimia shamba? Mama? (simu inakatika) Haloo? Mama?