Turan Kalhori, Aliyeisoma Theluji ya Sarkuh

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na jiko. Leo tunamkumbuka Turan Kalhori wa hapa Sarkuh. Turan alifariki Jumanne iliyopita katika poromoko la theluji, upande wa mashariki wa mlima wetu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Mnamfahamu. Ni yule mama wa beleshi. Tangu theluji imfukie mumewe, Yadollah, miaka kumi na tisa iliyopita, kila asubuhi ya majira ya baridi alipanda mteremkoni. Alichimba shimo la kumfika kifuani, akavua glavu, akapapasa tabaka za theluji kwa vidole. Hakuna aliyemtuma.

Jumatatu vidole vyake vilikuta jambo baya. Chini ya theluji mpya kulikuwa na chembe kavu kama sukari, zisizoshikana. Mzigo juu, na chini hakuna cha kuushika. Akashuka hadi hotelini kumwona Kamyar, kiongozi wa kundi la watelezaji wa theluji kutoka Tehran.

Binti wa Turan, Mahvash, alikuwepo. Anasimulia: "Mama alimwambia, 'Mwanangu, theluji ya chini imekuwa kama sukari. Upande wa mashariki usipite siku tatu hizi.' Yule akacheka. 'Mama Turan, sukari inaua wenye kisukari tu.' Wenzake nao wakacheka. Mama akamwambia, 'Cheka sasa, ukiwa huku chini.' Akamaliza chai yake, akaondoka."

Jumanne, saa nne asubuhi, kundi lile likapita upande wa mashariki. Mteremko ukakatika. Watatu wakafukiwa.

Turan alifika wa kwanza, pamoja na kaka yake, Esfandiar. Aliona kwamba theluji ya juu bado inaning'inia. Akamwamuru kaka yake abaki miambani.

"Nilimwambia, dada, ngoja helikopta," anasema Esfandiar. "Akanijibu, 'Hao wana robo saa, kaka. Helikopta itachukua saa nzima.'"

Aliwatoa wawili wakiwa hai. Mmoja wao ni Kamyar. Alipokuwa akimchimbia wa tatu, msichana aitwaye Golara, poromoko la pili likashuka. Turan tumemzika. Golara bado yuko chini.

Kamyar hakufika mazikoni. Gazetini amesema hakuna aliyeweza kujua.

Wasikilizaji wapendwa, hilo si kweli. Jumatatu jioni Turan alipiga simu hapa studio, akaomba tuwatangazie watu hatari ile. Simu niliipokea mimi. Nikamwambia, "Dada Turan, wewe kila wiki una onyo." Nikasoma hali ya hewa, nikaweka muziki. Onyo sikulisoma. Narudia: sikulisoma.

Kwa Mahvash, kwa Esfandiar, na kwa wazazi wa Golara wanaosubiri kule barabarani, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize ni nani tuliyechoka kumsikiliza, na kwa nini.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa Mahvash na sahani ya halva, ile tamu ya msiba. Nilimweleza yote pale mlangoni. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sahani rudi nayo." Akafunga mlango taratibu.