Mwalimu Trilokinath Saxena, Mvuta Kamba wa Mtaa wa Mpipali (1938–2018)

Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kimetangaza rasmi, katika tamko lake la tarehe 14 Novemba 2018, kwamba kitabu cha Profesa Hollander kuhusu mapigano ya Wahindu na Waislamu hapa Jalalganj ni "tunda la kuishi kwa karibu na watu wa mji huo", na kwamba kwa kifo cha T. Saxena, "mmoja wa viongozi wa machafuko ya 1986", ukurasa muhimu wa historia umefungwa. Familia inakishukuru chuo hicho kwa kuikumbuka wakati wa msiba. Inaomba tu, leo siku ya kumi na tatu ya matanga, kabla chakula hakijapakuliwa, iongeze machache kuhusu huyo kiongozi.

Marehemu Mwalimu Trilokinath alizaliwa tarehe 2 Machi 1938 katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Shambhunath Saxena, karani wa mahakama, na Bibi Ramkali. Mpipali ulioupa mtaa jina ulikuwapo kabla ya nyumba, na tawi lake kubwa limelala juu ya njia hadi leo. Tawi hilo halikatwi, kwa kuwa sisi Wahindu tunauabudu mti. Na kila siku ya kumi ya Muharram, tazia ya Waislamu, yaani kaburi la mfano la Imamu Hussein lililojengwa kwa mianzi na karatasi za rangi, hupita njia hiyo hiyo mabegani mwa wanaume, nayo haiinamishwi, kwa kuwa kuiinamisha ni kuivunjia heshima. Sasa tazia ni ndefu na tawi liko chini. Mababu wa pande zote mbili, ambao hawakuwahi kualikwa kwenye kongamano lolote, walilimaliza jambo hilo kwa kamba. Inafungwa kwenye tawi, mtu wa ukoo wa Saxena anapanda paani kwake, anavuta, tawi linanyanyuka, tazia inapita, kamba inalegezwa. Marehemu aliirithi kazi hiyo kwa babu yake mwaka 1957.

Masomo aliyaanza kwa Maulvi Inayat, mwalimu wa Kiislamu, aliyemfundisha Kiajemi na Kiurdu kama ilivyokuwa ada ya sisi watu wa ukoo wa makarani. Hapo alikaa mkeka mmoja na Kamruddin, mtoto wa mafundi wa tazia. Siku moja kilemba cha maulvi kilikutwa kichwani mwa mbuzi, na wote wawili wakachapwa. Ni nani hasa aliyemvika mbuzi, hilo walibishania kwa zaidi ya miaka sabini, kila mmoja akiidai sifa hiyo iwe yake. Mwaka 1959 marehemu alihitimu shahada ya jiografia huko Allahabad.

Alianza kufundisha katika shule ya sekondari ya wavulana Julai 1961 na kustaafu mwaka 1998. Waliopita mikononi mwake, na wengi wamekaa hapa leo, wanakumbuka somo lake la kwanza: kila mwanafunzi achore ramani ya mtaa wake. Aliyechora nyumba yake kubwa kuliko ya jirani alipewa sifuri, na baba yake akija kulalamika aliambiwa achore yeye. Wengi wa akina baba nao walipata sifuri.

Tarehe 11 Mei 1964 alimwoa Bi. Urmila, wa Bareilly. Hina ilikuwa bado haijafutika mikononi mwa bibi harusi ilipofika Muharram, akaambiwa apande paani ashike ncha ya kamba. Akauliza, "Kwetu niliambiwa nakuja kupika. Haya ya kuvuta miti nani alikubaliana nayo?" Akaishika hata hivyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ashutosh na Kalpana.

Sasa tufike 1986, kwa sababu wenzetu wa ng'ambo hawakuwahi kutoka hapo. Tarehe 15 Septemba mji huu ulipigana, na wasifu huu hautalificha hilo. Marehemu mwenyewe hakuwavumilia watu wanaosimama jukwaani kusema tulikuwa ndugu siku zote. Tazia ilipita chini ya mpipali salama. Ni baadaye, kwenye njia panda ya soko la nafaka, ambapo mawe yaliruka. Walikufa watu wanne, na maduka ya pande zote mbili yakaungua. Vijana watatu walioanza, marehemu aliwafahamu: wawili wa upande wetu, mmoja wa upande wa pili. Alikwenda polisi kwa miguu yake akawataja wote watatu, na kwa muda mrefu baada ya hapo alichukiwa kwa usawa. "Wote watatu walifeli jiografia," alikuwa akisema, bila kutabasamu.

Mchana wa siku hiyo mpiga picha wa gazeti moja la Delhi alisimama chini ya mti akampiga marehemu picha: yuko paani, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi, kamba mikononi. Kamba katika picha haisemi kama inavuta tawi kwenda juu au kwenda chini. Profesa Hollander aliinunua picha hiyo, na mwaka 1993 akaichapisha kwenye kitabu chake. Chini yake aliandika: "Kiongozi wa kundi la Wahindu akishusha tawi ili kuuzuia msafara wa Waislamu."

Nakala ililetwa na Ashutosh kutoka Pune. Marehemu aliisoma kibarazani tangu asubuhi hadi jua kuzama, kisha akainuka akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Bi. Urmila akamuuliza, "Kimekuja kitabu, au panya mfu?"

"Panya mfu ana faida," akajibu. "Kunguru anashiba."

Bi. Urmila alikataa kitabu hicho kisiingie nyumba yenye miungu na chakula. Kikawekwa nje, juu ya kifuniko cha pipa, na kila aliyetaka kukisoma alikisoma akiwa amesimama, kisha akaonyeshwa bomba lilipo.

Watu walidhani kinyaa chake kilitokana na ile picha peke yake. Haikuwa hivyo. Katika kitabu kile Wahindu wa Jalalganj hawana majina, wana makundi. Na Waislamu hawafanyi lolote, wanafanyiwa tu, kama mizigo. Aliyewaka zaidi ni Kamruddin, ambaye ukurasa mzima ulimtaja kuwa "sauti ya walionyamazishwa".

"Nani kaninyamazisha mimi?" alifoka, akigonga kifuniko cha pipa. "Mimi ninayewabebesha watu tazia na kuwatukana mama zao njia nzima! Mtu huyu kaniandika kama mjane anayelia jikoni!"

"Tulia, Kamru," akasema marehemu. "Wewe angalau umepewa sauti. Mimi nimepewa pembe."

Marehemu alimwandikia Profesa Hollander kwa adabu zote, akaeleza mambo yalivyokuwa, akamchorea tawi, paa na kamba, na mshale wa kuonyesha tawi linakwenda wapi. Akajibiwa na msaidizi kwamba maoni yake yamepokelewa. Yalipokelewa kweli. Toleo la pili lilipotoka, picha ilikuwa pale pale, maneno yale yale, na chini yake tanbihi mpya: "Miaka ya baadaye kiongozi huyu alikana kuhusika, kama ilivyo kawaida ya wahusika." Aliisoma mara moja. Akanawa mikono mara mbili.

Mwaka 2003, katika nchi nyingine, Daktari Crewe alitoa kitabu cha kumjibu Hollander, kwa hoja kwamba wasomi wa ng'ambo wamewaonea Wahindu mno. Marehemu alikipokea kwa matumaini kidogo, na hilo lilikuwa kosa lake. Picha ilikuwa ile ile. Safari hii chini yake pameandikwa: "Mkazi wa Kihindu akiulinda mti wake mtakatifu dhidi ya umati wa Waislamu." Marehemu alicheka hadi akakohoa. "Wa kwanza kanivika pembe, wa pili kilemba cha ukoka," akasema. "Na kichwa ni changu, hakuna aliyekiuliza." Kitabu cha pili kikawekwa juu ya cha kwanza, pale pale kwenye pipa. Vilikaa vizuri pamoja. Waandishi wao walikuwa wamepishana katika kila kitu isipokuwa kutouliza.

Kilichofuata kilimchafua roho kuliko vitabu vyote viwili. Vijana wa chama kimoja waliiona picha ya Daktari Crewe, wakaja na kipaza sauti na mashada ya maua ya manjano kumvisha "simba wa Mtaa wa Mpipali".

"Mzee wetu," alisema mkubwa wao, "wewe ndiye uliyewaonyesha."

"Niliwaonyesha nini?"

"Kwamba hawapiti."

"Walipita," akasema marehemu. "Wamepita kila mwaka. Mimi ndiye ninayewapitisha. Wewe ni mtoto wa Dinesh, sivyo? Ulichora nyumba yenu ikafunika shule na kituo cha reli."

"Mwalimu, usione haya. Hata wazungu wameandika!"

"Toka. Na viatu vyako uchukue, visije vikaandikwa navyo."

Waliondoka wakaacha mashada mlangoni. Bi. Urmila akamtupia ng'ombe aliyekuwa akipita. "Ale," akasema. "Huyu hana chama."

Kuna jambo moja tu lililomuumiza bila yeye kulifanyia mzaha. Mwaka 2011 Shagufta, mjukuu wa Kamruddin, aliyelelewa akila katika nyumba zote mbili, alirudi likizo kutoka chuo kikuu cha Delhi. Kule kitabu cha Hollander kilikuwa cha lazima. Alisimama uani mbele ya wazee hao wawili, simu mkononi, picha kwenye simu.

"Babu Mwalimu, ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Mdomo wazi hivyo, unasema nini?"

"Namwambia babu yako aende kushoto, punda yule."

"Ni kweli," akasema Kamruddin. "Aliniita punda. Mimi nilimwita jina baya zaidi, lakini mimi sionekani kwenye picha."

Wazee wakacheka. Shagufta hakucheka. "Kila mwaka mnatuambia hadithi hii hii," akasema. "Profesa wetu alishatuonya. Anasema wazee wakishaishi pamoja baada ya damu kumwagika, hutunga kumbukumbu tamu. Sasa nimwamini nani, aliyesoma au anayecheka?"

 Marehemu angeweza kusema mengi, naye alikuwa mtu wa maneno. Lakini kila neno ambalo angelisema lilikuwa limeshajibiwa kwenye tanbihi. Tangu siku hiyo binti alimsalimia kwa mbali, kwa heshima ya mtu anayesalimia mgeni, na kiti chake katika meza ya nyumba hii kikabaki wazi kwa miaka saba.

Aprili 2018 marehemu alipatwa na kiharusi kilichouchukua mkono wake wa kulia na nusu ya ulimi. Alilazwa hospitali mjini Lucknow wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Muharram ilipokaribia, ofisi ya wilaya ilisema mvutaji asipopatikana, tazia izungushwe njia nyingine, kwa kuwa vitabu vinaonyesha eneo hili lina uhasama wa tangu zamani. Wale vijana wa chama nao wakajitolea kuja kusimama chini ya mti, bila kamba. Marehemu alielewa mapema kuliko sisi sote. Tazia ikizungushwa mwaka mmoja tu, Profesa Hollander atakuwa amesema kweli, kwa mara ya kwanza.

Tarehe 21 Septemba aliagiza abebwe na kitanda chake hadi paani. Ashutosh alikuwa njiani, ndege yake imechelewa. Bi. Urmila, mwenye umri wa miaka sabini na tatu, akaishika kamba. Tawi likanyanyuka kidogo, likarudi. Chini, Kamruddin aliisimamisha tazia, na wabebaji wakaanza kutetemeka mabega. Vijana wa chama walitazama juu. Polisi walitazama saa.

Shagufta, ambaye sasa ni mwanasheria, alikuwa chini na wanawake wa kwao. Alimwona Bi. Urmila, akaona tawi linapanda kila anapovuta na kushuka kila anapochoka. Hakuna aliyemwambia kitu. Alipanda ngazi za nyumba hii mbio, akaikamata kamba nyuma ya Bi. Urmila.

"Vuta!" marehemu akapiga kelele kwa nusu ya ulimi. "Siyo hivyo! Tumia kiuno, mtoto wa punda wewe!"

"Babu, ndivyo ulivyokuwa ukisema kwenye picha?"

"Pale nilikuwa na adabu!"

Na Kamruddin kutoka chini: "Triloki! Siku hizi unavutiwa na mawakili?"

Tawi likanyanyuka, tazia ikapita. Shagufta akakaa kwenye ukingo wa kitanda, viganja vimechubuka, akimwomba msamaha, na marehemu akimwambia anyamaze, kwani bado kuna kulegeza. Jioni alikula kwenye meza ya nyumba hii.

Marehemu alifariki asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2018, siku ya pili baada ya Diwali, akiwa usingizini, akiwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha mjane, Bi. Urmila, mwana, Ashutosh, na mkewe Rachna, binti, Kalpana, na mumewe Devesh, wajukuu watatu, wanafunzi wasio na idadi, baadhi yao wenye sifuri, Mzee Kamruddin, anayesema mbuzi alikuwa wake, na Shagufta, ambaye familia imemkabidhi kamba.

Mwalimu na alale salama, mahali ambapo kila nyumba imechorwa kwa ukubwa wake.

Tangazo: Profesa Hollander, aliyealikwa na familia, ameomba radhi kwamba hatawahi shughuli ya leo. Angependa kuja mwakani, na ameuliza kituo cha karibu cha reli ni kipi, kwa kuwa hajawahi kufika Jalalganj.