Kristina Fidelis na Kompyuta ya Kiwandani

Marehemu Kristina Fidelis alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 Nyandira, Mgeta, mtoto wa Mzee Fidelis Kondo, mkulima wa kabichi. Hakuwa mwepesi wa kuamini. Shangazi akimwambia maji yamechemka, alifunua sufuria kwanza.

Alisoma shule ya misheni huko huko mlimani, kisha sekondari Morogoro mjini. Mwaka 1988 kiwanda cha nguo alikokuwa karani kilimpeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta. Alirudi akijua kujenga kanzidata, yaani kumbukumbu za wafanyakazi ndani ya mashine, kwa kuichapia amri kwenye kioo cheusi.

Mwaka 1983 alikuwa amefunga ndoa na Gervas Stambuli, fundi mitambo wa kiwanda hicho. Mwaka 1994 kiwanda kikatangazwa kuuzwa, watu wakaanza kupunguzwa, na macho yote yakamgeukia Kristina, aliyetunza orodha ya wafanyakazi. “Jina lako likichapwa na yule, umekwisha,” walinong’ona. Jirani yake, Bi Chausiku wa idara ya kusokota, aliacha kuitikia hodi yake. Hata Gervas aliuliza wakiwa mezani, “Mke wangu, mimi umeniandikaje?” Swali hilo lilimuuma kuliko minong’ono yote.

Naye alikuwa na shaka zake. Meneja mpya alimtaka aijenge upya kanzidata, ili miaka ya ukibarua isihesabiwe kwenye mafao. Kristina akawaita Chausiku na wenzake, akawafungulia ofisi, akachapa amri. Mashine ikaijenga mbele yao, jedwali baada ya jedwali, miaka yote ya ukibarua ikiwamo.

“Chausiku, uliingia lini?”

“Sabini na tisa, kibarua.”

“Haya, soma hapo.”

Ilikuwa sabini na tisa. Meneja akaingia akifoka, “Nani amekuruhusu?”

“Miaka ni yao,” alijibu. “Nimewaonyesha.”

Aliachishwa kazi wiki hiyo, na Gervas naye akaachishwa baada yake. Lakini wafanyakazi walikwishajionea, wakakataa kudanganywa. Miaka yao ikahesabiwa.

Mwaka 2000 aliugua saratani ya titi. Alimhoji daktari kwa kila kidonge. Bi Chausiku ndiye aliyemuuguza. “Siku ile nilidhani kiini macho,” alimwambia. “Mashine ile siiamini mpaka leo. Wewe nakuamini.”

Alifariki tarehe 14 Agosti 2001. Ameacha mume, mama yake Bi Yuliana, na watoto wawili, Joyce na Abel. Bi Chausiku ameomba atajwe hapa kama dada wa marehemu, na familia imeridhia.

Udongo wa Nyandira umpokee kwa upole, na Mungu ampe pumziko la amani.