Sukari ya Bi Effat

Kwenye behewa la wanawake, treni ya chini ya ardhi hapa Tehran, mbele yangu Bi Effat alipakata mabonge ya sukari, yale ambayo kwetu husagwa juu ya vichwa vya maharusi ili ndoa iwe tamu. “Mwanangu ataoa pale wakubwa wa dunia watakapopatana na sisi kuhusu urani ya nyuklia,” alimwambia abiria wa jirani asiyemjua. “Nitamwozaje na vita vinanukia?”

Jirani akacheka. “Dada, wanabishana miaka ishirini. Unataka bibi harusi aje na mkongojo? Mwoze Alhamisi.”

“Silegezi msimamo.”

“Nami silegezi.”

Kituoni wakakwama mlangoni. “Tangulia wewe, roho yangu.” “Nife kabla sijakutangulia.” Mlango ukajifunga, tukapitilizwa sote, nami nyuma yao mbavu sina.

Treni iliposimama tena, Effat akafuta machozi ya kicheko. “Basi karibuni harusini Alhamisi.”

Kwetu hujui kama huo ni mwaliko au adabu tu. Mimi gauni nimeshapiga pasi.