Swabaha Aliyeandika "Bado"

Swabaha wangu anastaafu Jumatano, baada ya miaka thelathini na minne ya kukagua vyakula bandarini, na ule ukaguzi mpya wa serikali umeanza yeye akiwa bado kazini. Sasa ndiyo niwasalimu: assalaam alaykum, na wasio Waislamu, hamjambo nyote. Mimi ni mamake. Shule niliishia darasa la sita, lakini kumsifu mwanangu hakuhitaji cheti.

Aliingia ofisini mwanamke peke yake kati ya wakaguzi kumi na mmoja. Akitia mkono guniani anajua kama mchele umelowa melini au ghalani. Hata mchele wangu wa nyumbani huukagua kabla hajaketi.

Mwaka huu ikaja amri: kila kontena la chakula kutoka ng'ambo litolewe sampuli, na lisitoke bandarini mpaka majibu yarudi. Siku ya kuanza iliwekwa wiki tatu kabla ya Ramadhani, tende za mji mzima zikiwa njiani. Kila kituo kilitakiwa kujaza fomu kwamba kiko tayari, na kwao mwenye kutia saini ni Swabaha. Mkubwa wake, Bwana Kioko, akamwambia, "Bi Swabaha, umebakisha miezi mitatu ukapumzike. Tia saini tu." Hata mimi nilimwambia vivyo hivyo. Nilihofia wasije wakamharibia mwisho wa kazi.

Yeye akataka kwanza wajaribu kwa kontena moja. Zikatolewa tende. Chumba cha baridi cha sampuli kilikuwa kimepakwa rangi vizuri sana, ila umeme haujaingia. Basi mwenzake, Mung'aro, akazipanga kwenye sahani, akaziacha mezani chini ya feni, akaenda kutafuta lebo. Nanyi mwatujua watu wa Mombasa: tende kwenye sahani, saa nne ya asubuhi, na birika la kahawa liko pale pale. Aliporudi alikuta kokwa. Bwana Kioko peke yake alikula saba, akauliza kama ziko nyingine.

Swabaha hakumgombeza mtu. Alivuta fomu akaandika: "Bado. Sampuli imeliwa."

"Utaniaibisha Nairobi," Bwana Kioko akalalamika.

"Afadhali uaibike wewe kwa sahani moja," akamjibu, "kuliko tende zioze bandarini zikingoja majibu, na mji ufuturu kwa maji."

Fomu ikaenda hivyo hivyo makao makuu Nairobi, na wiki mbili hakuna aliyemjibu. Kisha ikatangazwa kuwa siku ya kuanza imesogezwa hadi baada ya Idi. Umeme ukaingia, wapimaji wawili wakaongezwa. Tende zikatoka kwa utaratibu wa zamani, mji ukafuturu. Ukaguzi ulipoanza, majibu ya kontena la kwanza yalirudi siku ya pili, na saini iliyoliruhusu ni ya Swabaha. Bwana Kioko alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Bondeni kuniomba niandike haya ya kumuaga.

Ahsanteni, nyinyi mliofanya kazi naye, kwa kumvumilia, maana najua ni mbishi. Ubishi huo ni wangu. Mwanangu, nilikosea kukuambia utie saini. Mungu akupe afya na raha kwa miaka mingi, na usingizi wa asubuhi ambao kazi ilikunyima. Wengine wote nawangoja nyumbani kwetu Bondeni, na biriani naisimamia mwenyewe, Jumamosi hii baada ya sala ya Alasiri.